Tawi Nisiloliweka Kwemshai

Siku ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizoishi, mwanangu, ni ile niliyochora mstari mavumbini kwa kisigino, nikaendelea kukimbia. Haikuchukua muda. Ungehesabu moja mpaka tatu nami nimeshamaliza. Leo meno yameniacha, macho nayo yako njiani kuniacha, lakini mstari ule bado nauona vizuri kabisa, mwembamba, umepinda kidogo upande wa kulia.

Nimesikia umerudi nyumbani na umekaa. Nimesikia ulikosea kazini, tena kosa kubwa, na watu wanasema umekwisha. Mama yako ameniomba niseme nawe. Unanijua, mimi si msemaji. Hata misibani nakaa ukingoni mwa mkeka na kuwaachia wengine maneno. Herufi nilijifunza nikiwa mtu mzima mwenye mvi, kwa hiyo naandika polepole, na nimeona afadhali hivyo. Kama kuna vijana wengine watakaoyasoma haya, nao wasome. Sina siri tena.

Wakati wa Mjerumani gari moshi lilikuwa limeshafika Korogwe, lakini Handeni halikufika. Chumvi, majora ya nguo, majembe, masanduku ya misumari ya kujengea, vyote vilipakuliwa stesheni na kupandishwa vichwani mwa watu. Watu hao tulikuwa sisi wapagazi. Msafara wetu ulikuwa na wakubwa wawili. Wa kwanza alikuwa mnyapara, aliyewekwa na mwenye mali kutusimamia. Wetu aliitwa Salimu, mtu mnene mwenye fimbo na pumzi fupi. Wa pili alikuwa kirangozi. Kirangozi alikuwa mpagazi kama wengine, ila mzigo wake ulikuwa mwepesi na shingoni alivaa baragumu la pembe ya tandala. Yeye ndiye aliyetangulia. Yeye ndiye aliyejua visima vyenye maji na visima vilivyokauka, na ndiye aliyeamua tupite kushoto au kulia. Akipuliza baragumu, watu arobaini wanainua mizigo. Akitua, wanatua.

Kirangozi huyo nilikuwa mimi, nikiwa na miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa bora. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu usipojua nilikuwa nani hutajua nilipoteza nini. Nilivaa manyoya ya mbuni kichwani. Nikiingia Sindeni, kijiji cha njiani kwenda Handeni, na msafara wangu, wanawake waliacha kutwanga wakatoka kutazama. Wenye mali walipokuwa na haraka walimwambia Salimu, "Tupe Mhina atangulie." Mhina ndilo jina langu, kama hulijui, nyumbani mmezoea kuniita Babu tu.

Kazi moja ya kirangozi ilionekana ndogo sana, nayo ni kufunga njia. Watu arobaini wakitembea mmoja nyuma ya mwingine nyikani, wa mbele na wa nyuma hawaonani. Kwa hiyo kirangozi akifika njia panda alikata tawi la mti akalilaza katikati ya njia isiyo yetu. Wa nyuma wakilikuta walijua hapo pamefungwa. Pasipokuwa na mti karibu, alichora mstari ardhini kwa mguu. Mstari ulikuwa wa shida tu. Tawi ndilo lilikuwa kazi yenyewe.

Kwemshai ilikuwa njia panda ya namna hiyo, mwendo wa nusu siku kabla ya Sindeni ukitokea Korogwe. Njia ya kushoto ilikwenda Sindeni kwenye visima. Ya kulia ilikwenda kwenye dimbwi ambalo wakati wa masika huwa na maji na bata, na wakati wa kiangazi huwa tope lililopasukapasuka, na baada ya hapo hakuna kitu. Miti ilikuwepo Kwemshai. Ilikuwepo mingi. Nataka ulijue hilo.

Siku hiyo, kiangazi kikali, msafara wa tajiri mwingine ulikuwa nyuma yetu na kirangozi wao alipuliza baragumu tangu asubuhi kutukejeli. Ukipitwa njiani ilikuwa aibu. Tena wa kwanza kufika kisimani ndiye aliyekunywa maji safi, na wa pili akanywa matope. Nikaanza kukimbia. Watu wangu wakanifuata wakicheka, mizigo inarukaruka vichwani. Nilipofika Kwemshai panga lilikuwa kiunoni. Kukata tawi kungetaka nisimame, nitue mzigo, nirudi hatua kumi. Nikaburuza kisigino, nikaenda.

Tulifika Sindeni wa kwanza. Wanawake walipiga vigelegele. Nikanywa maji safi nikayamwagia na manyoya yangu. Jua lilipoanza kushuka Salimu akahesabu watu, akahesabu tena, akasema wanne hawapo.

Mmoja wao alichomwa na mwiba akabaki nyuma kuutoa, na wengine watatu walibaki kumngoja. Kati ya hao watatu alikuwa Nyange, mtoto wa mama yangu mdogo. Tulinyonya titi moja wakati mama yangu alipougua, na ndiye aliyenifundisha kuogelea mtoni Korogwe kwa kunisukuma. Walipofika Kwemshai watu thelathini na zaidi walikuwa wameshakata kona kwa mbio, wakaukanyaga mstari wangu. Hapakuwa na mstari tena. Wakachukua njia ya kulia.

Watatu walirudi kesho yake midomo imepasuka. Walikuwa wametupa mizigo. Nyange hakutupa wake. Tulimkuta siku ya pili, ameketi ameegemea mti, na mzigo wake wa majembe umesimamishwa kando yake vizuri, kamba hazijafunguliwa, hakuna jembe lililopungua. Tulimzika palepale, kwa sababu ya joto.

Kosa langu la kwanza umeshalisikia. Sasa sikia la pili, maana ndilo lililoniharibu.

Kabla hatujanawa udongo wa kaburi Salimu aliniuliza, "Ulifunga njia?"

Nikasema, "Niliweka tawi. Labda upepo umelichukua, au wanyama."

Kisha akanyoosha mkono, akanivua baragumu shingoni kama mtu anayemvua ng'ombe kamba, akamvisha Sefu, aliyekuwa mtu wa pili nyuma yangu siku zote. Nami nilikasirika, mwanangu! Nilikasirika kama mtu aliyedhulumiwa. Nilizunguka Korogwe nzima nikieleza habari za tawi langu. Nililisimulia mara nyingi hata nikaanza kuliona, tawi la mshai lenye majani mabichi. Wengine walinihurumia. Walisema kumbe hao wanne walikuwa wazembe, wamepita juu ya tawi kama vipofu. Nikawaacha waseme.

Hakuna aliyenipa tena msafara. Nikienda kwa tajiri mmoja, ananituma kwa mwingine, na huyo mwingine anacheka. Wapagazi walinipa jina, Bwana Upepo. Mwishowe nikaenda kukata mkonge shambani kwa mzungu mmoja karibu na Korogwe, nikapewa kipande, kadi ya kazi ya siku thelathini, kikiisha nachukua kingine, nikainamisha kichwa. Nilisema moyoni kwamba wamenionea na sitawapa nafasi ya kunionea tena. Nilidhani huo ndio ukakamavu.

Miezi saba ikapita. Sikwenda kumwona mama mdogo hata mara moja. Alikuwa mfinyanzi pale Sindeni, na kwa kawaida aliuza vyungu vyake kijijini. Lakini asubuhi moja nilikuwa sokoni Korogwe nanunua tumbaku, nikaona mwanamke anakuja na vyungu sita vimefungwa kwa majani makavu juu ya kichwa, mwendo ule wa pole ambao ningeutambua hata gizani. Nilitaka kujificha nyuma ya mafungu ya ndizi. Akasema, bila kugeuza shingo kwa sababu ya mzigo, "Mhina, nimeshakuona. Njoo unitue."

Nikaenda. "Shikamoo, mama."

Tukashusha vyungu pamoja. Akakagua kimoja kimoja, akavigonga kwa kidole kusikia kama kuna kilichopasuka. Alipomaliza ndipo akasema, "Marahaba. Uliweka tawi?"

"Mama, siku ile kulikuwa na upepo..."

"Sikukuuliza upepo. Nimekuuliza tawi."

Watu walikuwa wamejaa. Muuza tumbaku alikuwa ameacha kupima. Nilifungua mdomo kusema lile neno nililolisema mara mia, na halikutoka. Nikasema, "Sikuweka. Nilichora mstari. Nilikuwa nakimbia."

Alikaa chini juu ya mguu wake mmoja, kama anavyokaa akifinyanga. Nilifikiri ataniapiza. Kwa haki angeweza.

"Miezi saba," akasema, "nimemlaumu mwanangu. Nimelala nikimuuliza, we Nyange, tawi zima hukuliona? Nilikulea hujui tawi? Watu walinijia na pole, na katika pole yao walikuwa wakiniambia mtoto wangu alikuwa mjinga." Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. "Leo umenirudishia mtoto mwenye akili. Amekufa, lakini ana akili."

Mimi nikaanza kulia. Akanipiga kofi begani, si la upole.

"Usinililie. Machozi yako ni ya nini, nifinyangie? Unafanya nini hapa Korogwe?"

"Nakata mkonge."

"Kwa nini?"

"Nimekwisha kwenye njia, mama. Kila mtu anajua."

"Kila mtu! Kila mtu alijua pia kwamba uliweka tawi." Muuza tumbaku akacheka, akanyamaza haraka. "Nisikilize. Mimi napasua vyungu. Wakati mwingine nachoma kumi napata vinne. Umeshaona nimekaa siku ya pili bila udongo mkononi?"

"Mtu si chungu."

"Ndiyo maana nimetembea siku mbili kukufuata, na sijamfuata chungu hata kimoja." Kisha akasema kwa sauti ya chini, yangu mimi peke yangu. "Chumvi itaendelea kupita Kwemshai. Watapita watoto wa wenzangu. Nani duniani anaijua ile njia panda kama unavyoijua wewe sasa? Sefu? Sefu anajua kupuliza. Nenda, Mhina. Kafunge ile njia."

Kisha akaanza kuita wateja, na mimi nikabaki nimesimama na tumbaku yangu.

Nilipomaliza siku za kipande nilikwenda stesheni kwa Salimu. Alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Bwana Upepo," akasema. "Umekuja kutupepea?"

"Nimekuja kuomba mzigo."

"Baragumu lina mwenyewe."

"Nimesema mzigo. Sikusema baragumu."

Akanipa chumvi, gunia kubwa kuliko yote, na akaniweka mkiani, mtu wa mwisho kabisa, nyuma ya wagonjwa na wavivu. Walicheka sana. Mmoja alinivika unyoya wa kuku kichwani, nikatembea nao mpaka nje ya mji. Sikuutoa. Nilifikiri, nitaurudisha ule wa mbuni, nanyi mtakuwepo kuona.

Mkiani nilijifunza jambo ambalo miaka yote mbele sikulijua. Mtu wa mwisho haoni njia. Anaona visigino vya mtu wa mbele yake na vumbi. Shingo imekazwa na mzigo, macho yako chini hatua mbili, na kila alama iliyowekwa ardhini imeshakanyagwa na watu wote. Nilipokuwa kirangozi nilidhani natengeneza alama kwa ajili ya msafara. Kumbe nilikuwa naziweka kwa ajili ya yule wa pili, ambaye hazihitaji, kwa kuwa ananiona mimi. Nilitembea mkiani safari nyingi nikila vumbi na kufikiri hivyo, na kila tulipopita Kwemshai nilitua mzigo, nikakata tawi, nikaliweka juu ya lile dogo la Sefu. Nilichelewa kwa ajili hiyo, Salimu akanitukana, na mara mbili alinipiga fimbo mgongoni. Safari iliyofuata nikakata tena.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Kilikuwa kiangazi kingine. Wajerumani, au Wadachi kama tulivyowaita, walikuwa wametuma watu kupima nchi, wakafyeka mkuza wa barabara kichakani, mpana, umenyooka kama kamba iliyovutwa. Mkuza huo ulianza katika njia yetu, mwendo mfupi kabla ya Kwemshai, ukaingia kulia. Ulipendeza kuliko njia yetu nyembamba ya kupindapinda. Sefu alipoufikia alisimama kidogo, akapuliza baragumu kwa furaha, akaingia. Nikasikia Salimu anapaza sauti, "Barabara mpya! Barabara ya Mdachi! Leo tutalala Handeni!"

Huko mkiani niliona jua limehama shavu, nikajua tumegeuka kulia. Tena nilijua habari za mkuza ule. Mmoja wa waliokata mkonge nami alikuwa miongoni mwa walioufyeka, akanieleza jinsi mzungu wao alivyoshikwa na homa, wakaacha kazi katikati ya miiba na kurudi. Mkuza haukwenda popote. Ulikwenda kuishia kule kule nyuma ya dimbwi, alikoketi Nyange.

Nikatua mzigo. Mwanangu, mpagazi kutua kabla baragumu halijalia ilikuwa kosa la viboko. Nikatua, nikakimbia ubavuni mwa msafara nikipiga kelele, "Tueni! Tueni!" Watu wakasimama wakishangaa. Nikafika mbele nikasimama katikati ya mkuza, nimepanua mikono.

"Ondoka," akasema Sefu.

"Huku hakuna njia. Imeishia kichakani. Rudini Kwemshai."

Salimu akafika anahema. "Wewe tena! Unataka kuonyesha nani njia, wewe?"

Na mtu mmoja katikati, kijana wa maneno mengi waliyemwita Chiriku, akapaza sauti, "Mfuateni jamani! Anatupeleka tukamsalimie Nyange!"

Walicheka. Si wote, lakini walicheka. Damu ilinipanda, nikaona panga langu. Kisha nikaona vile vibuyu vya maji viunoni mwao, vimefika nusu, na jua bado halijafika utosini.

Nikasema, "Ndiyo. Mimi ndiye niliyemuua Nyange." Kicheko kikakatika. "Sikuweka tawi. Niliwaambia niliweka, nikasema upepo. Hakukuwa na upepo. Nilikuwa nakimbilia kushangiliwa. Nyange hakuwa mzembe na wale watatu hawakuwa wazembe, mimi ndiye nilikuwa mzembe, kisha nikawa mwongo juu yake. Sasa mmeshajua. Nipigeni kesho mkitaka. Leo siondoki hapa. Anayetaka kupita aniangushe kwanza."

Miongoni mwao alikuwa mzee Semhando, mmoja wa wale watatu waliorudi midomo imepasuka. Mwaka mzima aliitwa kipofu kwa ajili ya tawi langu. Alinikaribia mpaka nikasikia harufu ya jasho lake. Nilidhani atanitemea mate.

"Kumbe nilikuwa naona vizuri," akasema.

"Ulikuwa unaona vizuri, baba. Nisamehe."

"Hilo la kusamehe tutaliona tukishakunywa maji." Akageuka, akainua mzigo wake, akauweka kichwani, uso wake umeelekea tulikotoka. "Haya, tangulia. Safari hii nitakuangalia miguu."

Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Chiriku naye aliinua, akinung'unika kwamba akifa kwa kiu atanisumbua kuzimu. Salimu alitazama mkuza wa Mdachi, akatazama watu wake wanavyogeuka, akainua mikono kama mtu aliyeshindwa. Sefu akashika baragumu kwa mikono miwili.

"Hili silitoi."

"Baki nalo," nikamwambia. "Mimi nataka njia."

Nikaenda kuchukua gunia langu la chumvi, nikatangulia, mzigo mzito kuliko wote uko mbele, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nyuma yangu Sefu alipuliza, maana hakujua la kufanya isipokuwa kupuliza.

Tulipofika Kwemshai nilitua. Nikakata tawi la mwiba, kubwa, nikaliegemeza kwenye vichaka viwili usawa wa kifua cha mtu, mahali ambapo mwenye mzigo kichwani hawezi kutoliona. Kisha nikafanya lile wanalonichekea mpaka leo wale wachache waliobaki. Nikasimama kando ya tawi. Sikutangulia. Nilimwelekeza Sefu njia ya kushoto, nikangoja mpaka akapita mtu wa kwanza, wa kumi, wa ishirini, nikigusa kila mzigo kwa kiganja. Alikuwepo mtu mmoja nyuma kabisa anachechemea. Nikamngoja na yeye. Alipopita ndipo nikajitwika gunia na kukimbia ubavuni kuwahi mbele.

"Kirangozi gani huyu," Chiriku akasema nilipompita, "tunamwacha nyuma, mara yuko mbele!"

"Hifadhi pumzi," nikamwambia, "utahitaji kunisumbua nayo kuzimu."

Tuliingia Sindeni alasiri. Hatukuwa wa kwanza kufika popote siku hiyo, na hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mdogo alikuwa kisimani na mtungi. Hakunisalimu. Alisimama akahesabu watu wanavyoingia, midomo inacheza. Wa mwisho, yule anayechechemea, alipofika, akamuuliza, "Nyuma yako kuna mtu?"

"Hakuna, mama. Kirangozi alinipitisha mwenyewe."

Akachota kata ya kwanza ya maji, akampa huyo wa mwisho. Mimi nilipata kata yangu baada ya wote, na yalikuwa matope, nikayanywa yote. Nikamwambia, "Mama, nimeifunga." Akasema, "Safari ijayo uniletee chumvi." Hakusema amenisamehe, siku ile wala baadaye. Lakini aliniagiza chumvi mpaka alipokufa, na nilimpelekea kila mara.

Nilitangulia misafara tena mpaka vita vya Wazungu vikatutawanya. Baragumu nililipata siku Sefu alipokwenda kufanya kazi ya reli. Alinivisha mwenyewe, akisema shingo yake imechoka. Unyoya wa mbuni nao niliuvaa tena. Sikumpoteza mtu mwingine njiani. Lakini usidhani hilo lilimrudisha Nyange. Angekuwa mzee sasa, tungekaa pamoja ukingoni mwa mkeka. Kila kiangazi nilikwenda Kwemshai na panga, nikaendelea mpaka kaburini, nikakaa naye kidogo. Mwaka huu magoti yamekataa, ndiyo maana naandika.

Haya, mwanangu, neno langu ni hili. Watakuambia umekwisha, na watalisema kwa sauti ya watu wanaokutakia mema. Usikubali. Bisha. Lakini angalia unabisha nini. Mimi nilibisha miezi saba kwamba sikukosa, na ubishi ule ulinipeleka kukata mkonge nikiwa nimeinama. Siku nilipokubali kosa langu mbele ya watu, kosa lote, bila upepo na bila wanyama, ndipo nikapata miguu ya kusimama katikati ya barabara ya Mdachi na kusema siondoki. Kwa hiyo nenda kwa uliowaumiza, uwape ukweli wao. Huenda wamebeba lawama isiyo yao. Kisha rudi kazini. Wakikupa mkia, chukua mkia, uutazame vizuri, kuna mambo yanaonekana huko tu. Wakikuvika unyoya wa kuku, tembea nao. Kosa lako unalijua kuliko mtu yeyote, basi wewe ndiye wa kulifungia njia. Usikubali mtu mwingine aifanye kazi hiyo wakati wewe umekaa nyumbani unajihurumia.

Kesho asubuhi nataka nisikie umeondoka. Mungu aliyenipa siku nyingi ambazo Nyange hakupewa, akupe wewe sehemu yake. Akukaze shingo, akunyooshee mguu, akufanye mtu ambaye wa mwisho nyuma yake atayafikia maji. Na ukipita njia ya Handeni, teremka Kwemshai, ukate tawi kwa niaba yangu.